Anti, sandali zangu ni nzuri lakini picha zinaniaibisha

Anti,

Nakusalimu. Mimi ni fundi wa sandali za ngozi pale soko la Kariokor, Nairobi, kazi niliyoachiwa na marehemu baba pamoja na nyundo yake. Nina miaka 34, watoto wawili, na kibanda chenye mlango mmoja na balbu moja.

Mwaka jana nilifungua ukurasa Instagram na WhatsApp ya biashara, kwa sababu wateja wa kutembea wamepungua na kodi haijapungua. Kila jioni nikimaliza kazi napanga sandali kumi hivi juu ya gunia, nawasha balbu, napiga picha, naziweka kwenye stetasi na kuandika "Bei inboksi". Wanaopenda picha zangu ni wifi zangu na watu wa kanisani. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye sandali zake mimi huona gundi ikiachia kabla mteja hajafika stendi, anatuma mizigo Mombasa na Kisumu kila wiki. Picha zake zinang'aa. Juzi nikagundua nyingine si za kazi yake, amezitoa kwa watu wa nje.

Mwezi uliopita mteja wa Nakuru aliagiza pea moja ya kahawia. Nikamtumia. Akanipigia simu kwa hasira: "Nilitaka kahawia, umeniletea damu ya mzee." Ni kweli ngozi ile ni damu ya mzee, lakini kwenye picha ilitoka kahawia. Nauli ya kwenda na kurudi nililipa mimi. Wiki hiyo hiyo mteja mwingine alikuja kibandani, akavaa, akapendeza, nikampiga picha na kuipakia. Usiku akanitaka niitoe mara moja, eti alikuwa amewaambia kazini kwamba ni mgonjwa. Niliitoa, lakini hajarudi tena.

Mume wangu anasema shida ni simu yangu, na kwa vile zamu yangu ya chama inafika mwezi huu, shilingi 40,000, ninunue yenye kamera tatu. Mpwa wangu anayepiga harusi anasema atanifanyia picha kwa 12,000. Binti yangu wa miaka 13 ananiwekea filta mpaka sandali zinang'aa kama sufuria. Nimekuambatishia picha tatu ujionee. Nifuate nani?

Fundi wa Kariokor

*

Binti yangu,

Pesa za chama nunua ngozi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu zamu ikishafika mkononi huwa haingoji barua ya pili.

Picha zako tatu nimezitazama, nikazitazama tena nimevaa miwani. Zote zina ukungu kama asubuhi ya Limuru. Nilidhani ni simu mbovu, kisha nikakumbuka kazi yako. Unashika gundi, unashika nta ya kung'arishia, unashika ngozi yenye mafuta, halafu kwa vidole hivyo hivyo unaitoa simu mfukoni. Kile kijicho cha kamera kimepakwa kila kitu kilichomo kibandani. Chukua kitambaa laini cha pamba, kisiwe kile cha kazi, ukifute kabla ya kila kikao cha picha. Mumeo asikuambie kitu kuhusu kamera tatu kabla hamjajaribu hilo.

Sasa tuingie kwenye lenyewe. Mteja akija Kariokor kwa miguu, anafanya nini? Wewe umekaa pale miaka na miaka, unajua kuliko mimi. Anaiokota sandali moja. Anaikunja katikati aone kama ni ngumu. Anaigeuza aone soli ni ya tairi au ya mpira laini. Anavuta ukanda. Akiwa mjanja anapitisha kidole ndani kutafuta msumari. Ananusa, naam, watu hunusa. Mwisho anavaa, anatazama chini, anauliza, "Haitanibana hapa?" Ndipo anaanza kukulilia bei.

Mteja wa simu hana mikono, wala pua, wala mguu. Picha ndiyo umkopeshe hivyo vyote. Kwa hiyo ukishika simu usijiulize kama picha itapendeza, jiulize huyu wa Nakuru angekuwa hapa mbele yangu angeniuliza nini. Mpigie picha ya jibu. Pea moja ikiwa imesimama kwa ubavu, umbo lote lionekane. Moja kutoka juu kama anavyoiona mtu aliyeivaa. Moja imepinduliwa, soli ikitazama mbinguni. Moja ya karibu kabisa kwenye mshono au shanga, mahali ambapo mkono wako unatambulikana na wa jirani unaumbuka. Moja mkono wako ukiikunja, ukanda ukivutika. Na moja mguuni. WhatsApp ya biashara inakubali hadi picha 10 kwa bidhaa moja katika katalogi, kwa hiyo nafasi unayo.

Zile sandali kumi juu ya gunia, hapana. Zinaonekana kama mzigo uliomwagwa ili uuzwe kabla mvua haijanyesha, na jicho halijui litue wapi. Pea moja, picha moja. Hata gunia lenyewe silipendi sana, nyuzi zake zinashindana na mshono wako. Tandika kitu kisichokuwa na maneno mengi: ubao wa mbao ulioparuzwa, kipande kikubwa cha ngozi mbichi rangi ya maziwa, hata sakafu ya saruji iliyofagiwa. Miaka ile nikiuza mashuka ya kutarizi kule Buruburu, nililitandaza shuka moja kwenye kochi langu nikalipiga picha kwa majivuno yote. Ujumbe wa kwanza kuingia uliuliza bei ya kochi.

Kuhusu mwanga nitakaa kidogo, maana hapo ndipo mteja wa Nakuru alipopotelea.

Umesema una balbu moja, na kwenye picha naona ni ile nyeupe ya kuokoa stima. Balbu nyingi za bei nafuu za aina hiyo hutoa mwanga ulio haba kwa rangi nyekundu. Jicho lako limezoea, tena wewe unaijua ile ngozi tangu ilipokuwa roli, kwa hiyo hulioni pengo. Kamera haijui chochote. Inachukua kilichopo: damu ya mzee isiyo na wekundu wa kutosha inabaki kahawia. Hukumdanganya yule mteja, balbu ndiyo iliyomdanganya, lakini nauli imekutoka wewe. Na ukipiga mchana huku balbu inawaka, mambo huharibika kwa namna nyingine, kwa sababu kamera hujaribu kusawazisha rangi ya mwanga wa aina moja na wewe umeipa aina mbili. Upande mmoja wa sandali unakuwa wa samawati, mwingine wa njano. Zima balbu. Zima na fleshi ya simu pia. Fleshi huchapa mng'aro mweupe katikati ya ngozi iliyong'arishwa na kufuta kazi yote ya nta.

Studio yako ni mlango. Weka stuli ndani ya kibanda, kama hatua moja kutoka kizingitini, mahali mwanga wa nje unapofika lakini jua lenyewe halifiki. Sandali ikae ubavu kwa mlango, mwanga uipige kutoka upande mmoja. Mwanga wa upande ndio unaoamsha mshono na chembe za ngozi, kwa kuwa kila tuta dogo linapata kivuli chake. Ukiupata kutoka nyuma yako moja kwa moja, kila kitu kinalala bapa. Upande wa pili, ule wa giza, simamisha karatasi ya manila nyeupe, hii hii wanayoandikia watoto chati za shule. Isogeze karibu uone jinsi kivuli kinavyolainika. Hiyo karatasi itakufaa kuliko ile taa ya duara inayouzwa barabara ya Luthuli, ambayo najua umeipigia hesabu. Taa ile si mbaya, ila kwenye ngozi inayong'aa itaacha duara lake juu ya kila ukanda, utadhani kila sandali imepigwa muhuri.

Wakati nao. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua la adhuhuri linasimama karibu juu ya utosi, hasa Machi na Septemba. Picha za nje za saa sita huwa na vivuli vyeusi vya kukatika kama makasi. Asubuhi kabla ya saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi na nusu, jua linakuja kwa ubavu na rangi yake ni ya joto. Lakini jioni usizubae, huku kwetu machweo hayana subira, saa moja ikigonga giza limeshaingia. Na ile baridi ya Juni hadi Agosti, Nairobi nzima ikinung'unika kwa kukosa jua, wewe furahi: wingu limefunika mji kama shuka jeupe na mwanga unatoka kila upande kwa upole. Siku hizo unaweza kupiga tangu asubuhi hadi jioni. Acha basi kupiga usiku ukiwa umechoka. Tenga asubuhi moja kwa wiki, kabla mikono haijashika gundi, upige pea zote za wiki.

Kuna jambo dogo la kamera ambalo mafundi wa ngozi huwaumiza kuliko wauza nguo. Simu hupima mwanga wa fremu na kujaribu kuuleta katikati, si gizani si mweupe. Ukiweka sandali nyeusi juu ya kitambaa cheusi, simu inadhani ni usiku, inaongeza mwanga, na weusi wako unakuwa kijivu cha jivu. Ukiiweka juu ya karatasi nyeupe tupu, simu inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na sandali inakuwa shimo. Dawa ni kidole. Gusa sandali yenyewe kwenye kioo, na kwa simu nyingi utaona alama ya jua ikitokea kando. Ipandishe au ishushe taratibu hadi rangi ya kwenye kioo ifanane na pea uliyoishika mkononi. Fanya ulinganisho huo pale pale mlangoni, siyo baadaye kitandani.

Na usiisogelee sana sandali. Kamera kuu ya simu huona kwa upana, na ukiiweka karibu na ncha ya mbele ya sandali, ncha inavimba na kisigino kinanywea. Picha yako ya pili iko hivyo, saizi 37 inaonekana kama mtumbwi. Rudi nyuma hatua, piga, kisha kata kingo. Kukuza kwa vidole kabla ya kupiga, kama simu yako haina lenzi ya kuvuta mbali, ni kukata tu kwa jina lingine. Inama pia. Picha ya pea iliyosimama kwa ubavu piga simu ikiwa chini, usawa wa sandali, kama paka anavyoitazama.

Saizi usiiache hewani. Katika picha ya kutoka juu laza rula au futi ya fundi kando ya soli ya ndani, ili atakayepima unyayo wake nyumbani kwake ajue bila kukuuliza. Pea ngapi zimerudi kwa sababu ya saizi? Hukuniambia, lakini nadhani najua.

Filta za binti yako. Mtoto ana jicho, usimvunje moyo, ila umpangie mipaka. Kunyoosha picha iliyopinda, kukata kingo, kuongeza mwanga kidogo, hayo ruksa, na programu ya bure kama Snapseed inatosha kabisa. Kubadilisha rangi, marufuku. Mpe mtihani: picha ikimalizika aishike simu kando ya sandali mchana, na kama rangi mbili hazisemi lugha moja, anaanza upya. Na umbo la picha aamue yeye: ya kusimama, upana sehemu nne kwa urefu sehemu tano, inachukua nafasi kubwa kwenye Instagram kuliko ya mraba. Aache nafasi pembeni ya sandali, kwa sababu mitandao hupenda kukata kingo bila kukuuliza. Kwenye WhatsApp, ukimtumia mteja picha, mwoneshe binti kitufe cha HD, kimekuwepo tangu 2023. Bila hicho picha inabanwa na mshono wako unayeyuka. Zile skrinshoti za skrinshoti mnazotumiana, ziacheni.

Jirani yako na picha za watu wa nje. Nakuona unavyomtazama kwa wivu kidogo, na sikulaumu. Lakini picha ina mwenyewe, ni yule aliyeipiga, na Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Zaidi ya hilo, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kumwonesha mteja kitu ambacho sicho kuwa biashara isiyo ya haki. Anatuma mizigo kila wiki, sawa. Wewe huoni mizigo inayorudi. Usimfuate, wala usimchongee. Umeniambia gundi yake inaachia, hiyo itamchongea yenyewe.

Sasa lile la yule mteja aliyejifanya mgonjwa. Nilicheka, nisamehe, lakini si la kucheka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na uso wa mtu ni data yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kupakia mitandaoni picha ya mteja wake bila idhini. Shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi hawakuridhia. Gawanya hizo kwa bei ya sandali uone. Kabla ya kupiga, sema wazi: "Naomba nikupige picha niiweke kwenye ukurasa wa biashara, unakubali?" Akikubali, mtumie ile picha kwa WhatsApp na maneno hayo hayo, ajibu ndiyo, uuhifadhi ujumbe. Akibadili nia mwakani, unaitoa, bila kuvutana. Mtoto, muulize mzazi. Na kwa bahati wewe huuzi kofia. Unahitaji miguu tu, kuanzia kwenye kigimbi kushuka chini. Kucha zisafishwe, mafuta kidogo yapakwe, uso ubaki na mwenyewe.

Miguu yako pia ni miguu. Wateja wengi wangependa kukuona wewe ukipiga nyundo ya baba yako kuliko kuona mlimbwende yeyote, na video ya nusu dakika ya mkono unaoshona shanga, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mkebe wa gundi, haina gharama. Simu iwe imesimama wima, mwanga ule ule wa mlangoni.

"Bei inboksi" uifute leo. Hakuna kinachomkera Mnairobi kama kuombwa anong'one ili aambiwe bei. Atadhani unataka kwanza kuona picha yake ya wasifu ndipo umpangie. Andika bei, saizi zilizopo, jina sahihi la rangi, muda wa kutengeneza na nauli ya mzigo. Damu ya mzee iitwe damu ya mzee.

Mpwa wako usimfukuze. Shilingi 12,000 ni bei yake na jasho ni lake. Mpwa hulipwa kama watu wengine wanavyolipwa, la sivyo urafiki wa kindugu unaoza. Lakini si sasa. Wewe mwenyewe piga hizi za kila wiki kwa miezi miwili. Ukishaona ni mitindo gani inayoulizwa sana, labda minne au mitano, mwite kwa asubuhi moja akupigie picha za kuvaliwa, watu wakitembea, mji ukiwa nyuma. Kubalianeni mapema ni picha ngapi na kwamba utazitumia kwa biashara. Mkienda bustani au jengo la watu, ulizeni mlinzi kwanza, zipo sehemu zinazodai ada zikiona kamera kubwa.

Mumeo mwambie hivi, kwa upole, maana amejaribu kusaidia: kamera tatu chini ya balbu ile ile zitampa damu ya mzee iliyogeuka kahawia mara tatu. Miezi miwili ikipita, lenzi inafutwa, mnapiga mlangoni, na bado picha za karibu hazikamati mshono, hapo tutazungumza simu, na pengine itatoka kwenye faida badala ya chama.

Kuhusu yule wa Nakuru, mwandikie kabla hujaniandikia tena. Ipige picha ile pea mlangoni asubuhi, na kando yake uweke kipande cha ngozi ya kahawia halisi. Mtumie, umuulize anachagua ipi, na nauli ya safari hii uibebe.

Nami ninavaa saizi 39, mguu wangu mpana kidogo kwa mbele. Nitumie picha ya soli na ya pea ikiwa imekunjwa, bei ukiiandika chini.

Anti